Injini ya Mutua na Masikio ya Ng'ambo ya Mto

Nyinyi vijana mna haraka sana. Mtu ananipigia simu, hata salamu hajamaliza, "Fundi Musyoka, niko na landrova ya zamani, nibadilishe injini ama nifanye ovaholi, niitengeneze hii hii?" Halafu anangoja jibu hapo hapo, utafikiri ameniuliza ni saa ngapi. Mimi nimestaafu. Niko kwangu Matinyani na mbuzi wangu na mgongo wangu mbovu, na hilo swali bado linanifuata mpaka shambani. Basi leo nalijibu. Mtanivumilia, kwa sababu jibu lenyewe ni refu.

Nianze na ile sehemu rahisi. Kazi nilifunzwa Kitui mjini na Mzee Athumani, Mwislamu mmoja ambaye babu zake walitoka pwani na biashara yao wakakaa huku mpaka wakasahau njia ya kurudi. Alikuwa mtu wa kanzu safi na mikono michafu. Ukimletea injini inatoa moshi, hashiki spana. Anaiwasha, anafungua kifuniko cha oili pale juu, anaweka kiganja. Moshi ukimpiga mkono kwa pumzi, puh, puh, puh, anatingisha kichwa: ringi za pistoni zimekwisha, silinda zimepanuka. Akiona mkono umebaki mkavu na hauna joto la ajabu, anaambia mwenye gari aende akabadilishe filta aache kusumbua watu. Wateja wengine walikasirika! Walitaka injini ifunguliwe ndio waone kazi imefanyika.

Alinifundisha pia kwamba injini haifufuliwi milele. Krenki ikikwaruzwa unaipeleka kwa mashine inasagwa kidogo, unaweka beringi nene zaidi. Ikikwaruzwa tena inasagwa tena. Lakini kuna saizi ya mwisho, na ukiifikia, hakuna beringi tena duniani itakayoziba hiyo nafasi. Mzee Athumani akifika hapo alikuwa anafuta mikono na kusema, "Hapa, ndugu yangu, tumefika kwa Mungu."

Hapo ndipo watu hukimbilia kubadilisha injini, na hapo ndipo vichekesho huanza. Kuna mchungaji mmoja wa upande wa Kasikeu alienda akawekewa injini kubwa ya lori kwa landrova yake. Fundi aliyefanya hiyo kazi sitamtaja, ni marehemu, na pia alikuwa shemeji yangu. Mchungaji alifurahi! Gari ikawa inapanda mlima inaimba. Lakini injini ilikuwa na nguvu za lori na shafti za magurudumu zilikuwa zile zile za zamani. Jumapili ya kwanza, akiwa na kwaya nzima nyuma, akaachilia klachi kwa furaha. Tak! Shafti ikakatika. Wakaimba wakitembea kwa miguu. Akaweka shafti nyingine, nayo ikaenda vivyo hivyo. Mwishowe waumini wakaanza kusema shetani anaishi kwa giaboksi, wakaomba mchana kutwa, na mimi ndiye niliyeitwa baada ya maombi kuja kuwaambia ukweli.

Kwa hivyo Mzee Athumani alikuwa na maswali matatu kabla ya kukubali kubadilisha injini ya mtu. Gari inakwenda wapi? Inabeba nini? Ikikwama huko, nani ataitengeneza na spea atatoa wapi? Ukishajibiwa hayo, alisema, injini itajichagua yenyewe. Niliyashika hayo maswali matatu miaka yangu yote ya kazi. Sijawahi kuona yakikosea, na hiyo ndiyo shida yangu.

Sasa niwaambie kuhusu Mutua.

Wakati huo nilikuwa nimeshahamia Matiliku, niko na gereji yangu ya mabati karibu na soko. Mutua alikuwa mzee wa kanisa, mtu mfupi, mkaidi, mwenye kicheko kikubwa kuliko yeye. Kwake ni ndani kabisa, ng'ambo ya mto wa mchanga, kule ambako ukitafuta network unapanda juu ya mwamba na unainua simu kama mtu anayekaribisha mvua. Alikuwa na landrova ya dizeli ambayo aliachiwa na kaka yake. Na huko ng'ambo hakukuwa na gari nyingine ya kutegemewa. Mchanga wa mto ule unameza pikipiki, na pikapu ndogo zilikuwa zinakuja kiangazi tu kununua ndengu, kisha zinapotea.

Gari hiyo ndiyo iliyokuwa hospitali yao. Si kwamba Mutua aliandikwa na mtu yeyote, hapana. Ilikuwa ni mazoea tu. Siku akienda Matiliku, wenye mgonjwa wanamtoa mpaka barabarani, Mutua anasimama, anampakia, na mambo ya mafuta yanazungumzwa baadaye ama hayazungumzwi kabisa. Watoto wengi wa kule walizaliwa hospitalini kwa sababu ya hiyo gari, na wazee wengi walirudi kwao na vidonge mkononi. Mkewe alikuwa akinung'unika kwamba ameolewa na ambulensi.

Basi injini ikazeeka. Ikaanza kumwaga oili, ikaanza kukataa kuwaka asubuhi, mpaka siku moja ikafia katikati ya mlima na mgonjwa ndani. Mgonjwa alipona, lakini Mutua aliogopa. Akaja kwangu amevuliwa kile kicheko chake.

"Musyoka," akasema, "hii gari ikifa, watu wangu wanaenda na nini? Niambie ukweli. Tuifanyie ovaholi ama tuiwekee injini nyingine?"

Niliifungua yote. Niliweka kila kitu juu ya turubali nikampitisha kimoja kimoja kwa kidole. Krenki ilikuwa imeshasagwa mpaka ile saizi ya mwisho. Silinda zilishachongwa, zikawekewa slivu za chuma ndani, na slivu nazo zimekwisha. Spea zilikuwa za kuwinda, leo uzipate Nairobi, kesho usizipate popote. Ningeweza kuiunganisha ikawaka, lakini kupanda ule mlima na watu wanane na gunia la pojo, isingemaliza msimu mmoja. Nikamwambia hivyo hivyo.

Mutua hakutaka kuamua peke yake. Akaita mwethya wao, lile kundi la kina mama na wazee wanaojenga mabwawa ya mchanga pamoja, tukakaa kwake kwa kikao. Niliwaeleza. Wakauliza maswali mazuri kuliko ya wateja wa mjini. Itakula mafuta mengi? Hapana, machache zaidi. Itapanda mlima na mama mjamzito bila kusimama? Itapanda. Shafti hazitakatika kama za yule mchungaji? Watu wakacheka, nikawaambia hii ni injini ya Kijapani ya nguvu za kadiri, nimeshapima. Mama mmoja, Syombua, mwanamke mrefu wa sauti ya kuamrisha, akauliza, "Na ikiharibika?" Nikasema spea zake ziko kila duka, hata hapa Matiliku. Akasema, "Basi nesa, vizuri. Weka." Kila mtu akakubali. Mzee Athumani angekuwepo angenipigia makofi.

Nikaifanya hiyo kazi kwa moyo wote. Nilichonga vishikizo vya injini mwenyewe, nikasogeza redieta, nikafupisha propela, ile shafti ndefu ya chini ya gari. Ilipowaka mara ya kwanza, Mutua aliweka sikio karibu akasema, "Asi! Imewaka kweli?" Ilikuwa imetulia hivyo. Mchungaji akaja kuiombea, ikazungushwa kijiji kizima, watoto wakaikimbilia. Kila mtu ng'ambo ya mto aliiona. Naomba mkumbuke hilo, kwamba kila mtu aliiona.

Ile injini ya zamani ikabaki gereji kwangu. Akaja mkulima mmoja, Kilonzo, anayelima vitunguu kando ya mto. Akauliza kama inaweza kuvuta maji. Nikamwambia injini iliyoshindwa na mlima na mzigo bado inaweza kusimama mahali pamoja ikazungusha pampu polepole, haina kazi ngumu pale. Mutua akamwachia kwa roho safi. Nikaenda mwenyewe nikaifunga juu ya fremu ya chuma kando ya mto, nikaweka mkanda, ikashika maji. Nilifurahi, vijana wangu. Fundi hapendi kuona chuma kikitupwa.

Sasa kuna jambo moja la kule ambalo mimi, mtu wa Matiliku, sikulijua, na wao wenyewe hawakujua kwamba wanalijua. Ile injini ya zamani ilikuwa na mlio wake. Ilikuwa inagonga. Mutua akirudi kutoka sokoni, akiteremka mlima wa upande huu kwa gia ya chini, ule mlio wa kugonga ulikuwa unasikika bonde zima, muda mrefu kabla hajafika mtoni. Watu walikuwa wanapanga maisha yao kwa huo mlio. Wenye mgonjwa wakiusikia ndio wanaanza kumwosha, kumvika nguo, kumbeba na kiti mpaka barabarani, na wanafika pamoja na gari, Mutua anageuza. Hakuna aliyewahi kukaa chini akasema, "Huu mlio ndio unatuita." Kwa hivyo kwenye kikao hakuna aliyeuliza. Na mimi nikawapelekea injini isiyosikika.

Mwikali ni mke wa mtoto wa Syombua. Alikuwa na mimba ya pili, na uchungu ulimshika mapema, mchana, wakati mume wake yuko kazini mbali. Mambo yaliyofuata niliambiwa na Syombua mwenyewe, nilipoenda kwao na sukari na unga, kama ilivyo desturi kwenda kwa nyumba iliyopatwa.

Alisema wakiwa ndani wanampapasa mgongo, walisikia gari ndogo ikipita chini barabarani. Mmoja akauliza, "Si hiyo gari?" Syombua akasema ni wale wanunuzi wa ndengu, mwacheni msichana apumzike. Kumbe alikuwa ni Mutua, anaelekea Matiliku, gari tupu.

Baadaye kidogo upepo ukageuka, wakasikia ule mlio wa kugonga. Ule wenyewe, kutoka upande wa mto. Syombua akapiga makofi. "Mutua huyo anarudi! Tutamwambia ageuze." Wakamfunga Mwikali leso, wakamweka kwenye kiti, wakambeba mbio mpaka barabarani. Wakakaa hapo. Mlio ulikuwa pale pale, hausogei. Syombua akawatuliza, "Anapakia mchanga. Akimaliza atakuja." Unajua hiyo ilikuwa ni akili ya kawaida kabisa? Mutua alikuwa anabeba mchanga wa mwethya mara nyingi, na huwa haizimi injini akipakia, kwa sababu ikizimwa ilikuwa haiwaki. Wakangoja. Jua likashuka. Mwikali akawa anawauliza, "Bado?" na wao wanamjibu, "Anakuja, si unamsikia?"

Kisha mlio ukazimika. Wakashtuka, wakadhani imewafia mtoni. Wakatuma vijana wawili wakimbie wasukume. Wakamkuta Kilonzo peke yake, amemaliza kumwagilia vitunguu, anakunja mipira ya maji. Akawauliza kwa salamu nzuri, "Kwema huko?"

Mutua alifika jioni na gari yake tulivu. Walimwona kwa taa kabla hawajamsikia. Mtoto alikuwa ameshazaliwa hapo kando ya barabara, msichana, na hakulia. Mwikali alikuwa anatoka damu. Mutua alipanda ule mlima na hiyo injini ambayo sisi sote tuliichagua, ikapanda bila kusimama, sawasawa na nilivyoahidi, na Mwikali akapona.

"Lakini mama," nikamwambia Syombua, na nilijua ni ujinga hata kabla sijamaliza kusema, "si ulijua gari imebadilishwa? Ulikuwa kwa kikao."

Hakunikasirikia. Afadhali angenikasirikia. Akasema, "Nilijua, fundi. Mimi ndiye niliyesema uweke. Lakini nilikuwa na msichana mikononi, anaumwa, na sikio langu likafanya vile limezoea."

 Nilikunywa chai yao, nikaaga.

Wiki hiyo hiyo Mutua akaja gereji. Hakukaa. Akasema, "Nirudishie injini yangu."

Nikamweleza tena, krenki, slivu, mlima. Nikamwambia hiyo injini mpya ndiyo iliyomfikisha Mwikali hospitalini, ile ya zamani ingezimika njiani na tungezika wawili.

"Unanipa sababu za injini," akasema. "Mimi nakuuliza habari za watu. Wale watu walikuwa wananisikia, Musyoka. Sasa napita mlangoni kwao kama mwizi."

Nikajaribu ujanja. Nikatoa sailensa, gari ikanguruma mpaka kuku wa sokoni wakaruka. Mutua akasikiliza akakataa, akasema sasa inalia kama kila lori. Tukajaribu honi, lakini kule kila dereva hupiga honi kwa sababu ya mbuzi, nani atajua ni honi ya nani? Nikarudisha sailensa. Nilikuwa fundi wa miaka mingi, hakuna kitu cha chuma kilichokuwa kimenishinda kwa hiyo njia. Kilonzo naye, maskini, aliposikia habari alizima pampu siku kadhaa, mpaka vitunguu vikaanza kunyauka na Syombua mwenyewe akamtumia ujumbe aiwashe, la sivyo watoto watakula nini?

Kwa hivyo mkiniuliza, nibadilishe ama nifanye ovaholi, mimi bado nitawauliza yale maswali matatu ya Mzee Athumani. Halafu nitawaongezea la nne, ambalo hakunifundisha kwa sababu hata yeye hakulijua: wale wasiopanda hii gari leo, wanaitumiaje? Nendeni mkakae nao. Msiwaulize juu ya injini, watawajibu mambo ya mafuta na mlima kama walivyonijibu mimi. Waulizeni siku yao inaendaje, wanajuaje gari inakuja, wanatoka nyumbani saa gani na kwa nini. Ningeuliza hivyo, pengine bado ningeweka injini ile ile ya Kijapani, kwa sababu ilikuwa ndiyo sahihi. Lakini ningewaambia, jamani, mlio wenu unaondoka, mtafanyaje? Wangepata njia yao. Watu wa kule hawakosi njia wakijua kuna shida. Hilo linaniuma mpaka leo, na sitawaficha, kuna siku nikisikia pampu mahali huwa nasimama nisijue naenda wapi.

Kufika mwezi wa mvua, nikaona landrova ya Mutua inaingia gereji. Nilifikiri amekuja kwa sababu ya oili. Akashuka, na kutoka upande wa pili akashuka Mwikali. Alikuwa amekonda, amejifunga leso vizuri. Sikuwa nimemwona tangu ile siku. Nikafuta mikono nikakosa mahali pa kuiweka. Nikaanza kusema pole, nikachanganya maneno, pole ya mtoto, pole ya gari, mpaka akanikatiza kwa upole.

"Fundi, sikuja kwa hayo. Kule kuna wenye mimba wengine watatu, na mmoja ni mdogo wangu. Mama mkwe amesema mimi ndiye nitakayewafundisha mlio wa hii injini mpya, kwa sababu mimi sitasahau." Akaonyesha gari kwa kidevu. "Mwambie Mutua aiwashe."

Mutua akaiwasha. Mwikali akatembea akavuka soko, akapita wauza ndizi, akaenda mpaka mwisho kabisa kule kwa miti, akatugeuzia mgongo. Mutua akakanyaga mafuta kidogo, akaachilia, akateremsha gia. Watu wa soko walikuwa wanamtazama wasijue anafanya nini. Akakaa hivyo hivyo muda mrefu, kichwa kimeinama, anasikiliza. Nikamfanyia Mutua ishara, akazima.

Mwikali akageuka. Kutoka kule mbali akatuinulia mkono, akapaza sauti:

"Sijaushika bado. Washa tena."